Kulinda Kioo cha Jicho Wakati wa Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Leo nataka kujibu swali ambalo nimeulizwa mara nyingi kliniki na akina mama wanaomleta mzee wao: "Sista, daktari akikata jicho la nyanya, si atalimaliza kabisa? Si afadhali abaki na hicho kidogo anachoona?"

Swali hili silicheki. Jicho ni kitu kidogo, na kisu ni kisu. Lakini jibu lake linawahusu nyinyi mlio nyumbani kuliko mnavyodhani, kwa hiyo sogezeni kiti.

Tuanze na jina lenyewe, maana linachanganya watu. Mtoto wa jicho si mtoto, wala si nyama inayoota juu ya jicho. Kile kinyama chekundu kinachotambaa kutoka pembeni upande wa pua, ambacho wavuvi wetu wengi na watu wanaofanya kazi juani na kwenye vumbi wanacho, ni ugonjwa mwingine. Mtoto wa jicho uko ndani. Nyuma ya ule weusi wa katikati ya jicho kuna lenzi, kama harage dogo lililobapa. Ujanani lenzi hiyo huwa angavu kama maji ya chemchemi. Mtu anapozeeka, au akiwa na kisukari, au akiumia jicho, lenzi huanza kuwa na ukungu. Ukungu ukizidi, mtu haoni. Hicho ndicho chanzo kikubwa kuliko vyote cha upofu duniani, na hapa kwetu Kenya pia, na dawa yake ni moja tu: kuitoa lenzi iliyoharibika na kuweka nyingine ya plastiki. Hakuna tone wala mti unaoisafisha.

Sasa, mbele ya lenzi, mbele hata ya ile sehemu yenye rangi, kuna kioo. Madaktari hukiita konea. Mtazame mtoto wako kutoka pembeni wakati anaangalia mlangoni, utakiona kimebinuka kama kioo cha saa. Upana wake ni milimita 11 au 12, na unene wake katikati ni karibu nusu milimita tu. Mwanga wote unaoingia jichoni hupita hapo. Lenzi ikiharibika tunaweza kuweka nyingine. Konea ikiharibika, mgonjwa atahitaji konea ya mtu aliyefariki, na upasuaji wa namna hiyo haufanywi Migori wala Homa Bay. Ni safari ya Nairobi, na ni kungoja. Ndiyo maana daktari wa macho anapotoa mtoto wa jicho, sehemu kubwa ya ustadi wake ni kukilinda kioo hiki anapopita karibu nacho.

Kwa nini konea ni angavu? Nyinyi wa Mbita, Sindo na Karungu mnajua kwamba mtumbwi wa mbao hauachi kuvuja kidogo kidogo. Akikaa mtu mmoja kuchota maji na kuyamwaga nje, mtumbwi unafika. Akilala, mnazama. Konea nayo huvujiwa hivyo hivyo. Maji ya ndani ya jicho huipenya, na upande wake wa ndani kabisa kuna safu moja ya seli ndogo sana ambazo kazi yake, usiku na mchana, ni kuyasukuma maji hayo yarudi yalikotoka. Seli hizo zikifa nyingi, konea hujaa maji, huvimba, na kugeuka kama dirisha la basi asubuhi ya baridi.

Na seli hizi hazioti tena. Uso wa nje wa konea ukikwaruzwa hupona kwa siku chache, kama ngozi. Zile za ndani, ulizozaliwa nazo ndizo hizo. Mtoto mchanga ana zaidi ya 3,000 katika kila milimita moja ya mraba. Mtu mzima ana kama 2,500, nazo hupungua kidogo kidogo mwaka hadi mwaka. Moja ikifa, majirani zake hujinyoosha kuziba pengo. Zikibaki chache mno, hakuna wa kujinyoosha.

(Muziki mfupi.)

Haya, twende chumba cha upasuaji. Wengi huogopa kwa sababu hawajui kinachofanyika humo. Kwanza jicho husafishwa kwa dawa ya rangi ya kahawia yenye iodini, ili kuua vijidudu vilivyo kwenye kope. Mtu mzima hachomwi sindano ya usingizi; hupigwa ganzi kando ya jicho na kubaki macho, akisikia watu wakizungumza. Kope hushikwa wazi kwa kifaa kidogo. Kwa kuwa mgonjwa hawezi kupepesa, msaidizi hudondosha maji safi ya dawa juu ya konea kila mara isikauke.

Upasuaji unaofanywa zaidi katika hospitali zetu ni ule wa kukata njia ndogo, ya milimita 6 au 7, kwenye weupe wa jicho, si katikati ya kioo. Njia hiyo hukatwa kimshazari hata ikajifunga yenyewe, mara nyingi bila uzi. Kisha daktari, akitazama kwa hadubini, huingia katika nafasi iliyo kati ya konea na rangi ya jicho. Nafasi hiyo kina chake ni kama milimita 3. Lenzi yote lazima ipite hapo kutoka nje, bila kuzisugua zile seli tulizosema.

Anafanyaje? Anajaza nafasi hiyo jeli. Wewe mama unayepika mrenda, ile apoth yetu, unajua unavyoteleza na kuvutika kwenye kijiko. Jeli hii ni ya namna hiyo, ila ni angavu na imesafishwa kabisa. Huinua konea juu, huipaka upande wa ndani kama mafuta, na lenzi inapotoka huteleza juu ya jeli bila kugusa kioo. Jeli ya kwanza ya aina hii ilianza kutumika hospitalini mwanzoni mwa miaka ya 1980, kutokana na kazi ya mwanasayansi mzaliwa wa Hungaria, Endre Balazs, na ilitolewa kwenye kile kilemba chekundu cha jogoo. Nikiwaambia wazee hivyo wanacheka mpaka wanasahau woga. Siku hizi kuna aina nyingine ya bei nafuu inayotengenezwa kutokana na nyuzi za mimea, na ndiyo hutumika sana. Mwisho wa kazi jeli huoshwa na kutolewa, maana ikibaki ndani huleta presha ya jicho. Mambo yote haya kwa kawaida humalizika kabla ugali haujaiva na kupoa.

Katika hospitali nyingine kuna mashine inayoivunja lenzi kwa mitetemo na kuinyonya kupitia tundu dogo zaidi. Charles Kelman aliianzisha Marekani mwaka 1967. Ni nzuri, lakini mitetemo hiyo nayo ikitumika muda mrefu kwenye lenzi ngumu huumiza konea. Kwa hiyo usiambiwe kwamba bila mashine hiyo nyanya hawezi kuona. Mikono mizuri na njia ndogo hufanya kazi nzuri sana.

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize vizuri. Kuna neno linalozunguka vijijini kwetu, kutoka Kehancha hadi Kendu Bay: "Ngoja iive kwanza." Neno hilo halikutoka hewani. Zamani lenzi ilitolewa nzima na hakuna kitu kilichowekwa mahali pake. Mgonjwa alipewa miwani minene kama kitako cha chupa. Ilikuwa na maana kungoja mpaka mtu awe karibu haoni kabisa. Lakini lenzi ya kwanza ya plastiki iliwekwa katika jicho la mtu huko London mwaka 1949, na daktari Harold Ridley, na leo kila mgonjwa wa kawaida huwekewa. Sababu ya kungoja imekwisha. Ushauri ndio umebaki.

Na kungoja kuna gharama. Lenzi inayokaa miaka mingi hugeuka kahawia na kukauka kama njugu iliyosahauliwa kwenye gunia. Ngumu hivyo, inahitaji nguvu zaidi kutoka, muda mrefu zaidi, kugeuzwa zaidi ndani ya zile milimita 3. Seli za konea hufa nyingi zaidi. Tena ikizidi kuiva inaweza kuvimba au kuvuja ndani ya jicho, presha ya jicho ikapanda, jicho likawa jekundu na lenye maumivu makali. Wakati huo si mtoto wa jicho peke yake tunaotibu. Kwa hiyo nyanya akianza kushindwa kutambua uso wa mtu mlangoni, au kuchambua mawe kwenye maharagwe, au akikosea noti ya mia na ya mia mbili sokoni, wakati umefika. Usingoje aanze kushikwa mkono.

Jambo lingine linaloharibu kioo kabla daktari hajakifikia ni dawa za kienyeji. Mama mmoja wa upande wa ziwani alimleta mama mkwe wake kliniki. Weupe haukuwa ndani tu. Ulikuwa pia mbele, juu ya konea yenyewe. Tukauliza polepole, akasema kwamba kwa miezi kadhaa walikuwa wakimkamulia maji ya majani fulani waliyouziwa sokoni, yanayochoma, wakiambiwa kuchoma ndiko kupona. Konea ilikuwa imepata kidonda, kidonda kikaacha kovu. Alipasuliwa, maana lenzi yake ilikuwa imeharibika kweli, lakini daktari alifanya kazi kama mtu anayechungulia kupitia pazia, na bibi yule leo anaona njia na anaona watu, ila sura za wajukuu hazisomi. Yule mama aliniuliza kama wangekuja kabla ya majani ingekuwaje. Nilimwambia ukweli, kwamba angeona zaidi. Sikumwambia kwa kumlaumu, kwa sababu aliyafanya yote kwa mapenzi, na aliyemuuzia alijua anachouza.

Hata tone la dukani si la kununua ovyo. Yako matone yenye dawa ya kupunguza uvimbe ambayo hufanya jicho jekundu liwe jeupe kwa siku mbili, kumbe chini yake kidonda cha konea kinaendelea kula. Usiyatumie bila kuandikiwa.

Siku ya kupimwa, zungumza. Wazee wetu wa kike hasa hunyamaza mbele ya daktari, kwa hiyo wewe mlezi ndiye mdomo wake. Sema kama aliwahi kukatwa jichoni na jani la muwa, jambo la kawaida kwa watu wa Awendo na Ndhiwa. Sema kama ana kisukari au presha, na kama anameza dawa. Sema kama aliwahi kupata mkanda wa jeshi kwenye paji la uso, ule upele wa malengelenge upande mmoja, kwa sababu ugonjwa huo huweza kuua neva za konea, na konea isiyosikia maumivu hupona kwa shida. Na kama anameza ARV, sema pia. Kaunti zetu hizi mbili zinajua habari za virusi kuliko nyingi, hakuna haja ya kufichana. ARV hazimzuii mtu kupasuliwa jicho; zinamsaidia daktari kujipanga.

Jicho likiwa na usaha au kope zikiwa zimeshikana asubuhi, mwambieni muuguzi. Upasuaji utaahirishwa kidogo mpaka lipone. Msikasirike mkirudishwa nyumbani. Vijidudu vikiingia ndani ya jicho huweza kulipoteza. Kikohozi nacho kitibiwe kwanza. Kukohoa mara moja, ghafla, wakati chombo kiko ndani ya zile milimita 3, kunatosha kuikwaruza konea. Mwambie nyanya kwamba akitaka kukohoa aseme kwanza, daktari atatoa vyombo, kisha akohoe atakavyo. Na kama hasikii Kiswahili, anasikia Dholuo au Kikuria tu, mjulishe muuguzi mapema ili awepo wa kumtafsiria. Mzee asiyeelewa anachoambiwa hugeuza kichwa kutafuta sauti.

Kuhusu malipo, jueni kwamba tangu Oktoba 2024 bima ya NHIF imechukuliwa na SHA. Mwandikisheni mzee mapema, na ulizeni hospitalini kabla ya siku yenyewe bima italipa nini na nyinyi mtatoa nini. Kambi za macho zinapokuja, nendeni, ila ulizeni swali moja: nani ataliangalia jicho hili kesho, na wiki ijayo?

(Muziki mfupi.)

Sasa amerudi nyumbani. Usiku wa kwanza jicho huwa limefunikwa. Msilifunue kuona kama "linafanya kazi". Ganzi bado ipo, kope hazifungi vizuri, na konea iliyo wazi hukauka. Kitambaa kitaondolewa na muuguzi au daktari siku inayofuata.

Asubuhi hiyo wengine huona wazi mara moja na kupiga vigelegele. Wengine huona ukungu, nao hulia kwamba wamedanganywa. Mara nyingi ukungu huo ni konea iliyochoka. Zile seli zimesumbuliwa, maji yamezidi kidogo, na zinahitaji siku kadhaa, pengine wiki, kuyamaliza. Matone aliyopewa ndiyo yanayozisaidia kutulia, kwa hiyo hayakatishwi hata jicho likionekana zuri. Kwa kawaida huendelea wiki nne au zaidi, kama daktari alivyoandika.

Nawa mikono kwa sabuni. Mlaze nyanya au mkalishe aangalie juu, vuta kope ya chini ifanye kama kijifuko, dondosha tone moja humo. Moja linatosha, la pili humwagika shavuni. Ncha ya chupa isiguse jicho kabisa, maana ni ngumu na inakwaruza konea. Afumbe macho taratibu kwa dakika moja au mbili, bila kukaza. Kama kuna chupa mbili, ngoja dakika tano katikati. Na jirani akija kuomba "hilo tone la macho" kwa ajili ya mtoto wake, mwelekeze zahanati.

Ile ngao ya plastiki yenye matundu avae kila anapolala, hata mchana, kwa muda aliopewa. Usingizini mkono hujipeleka wenyewe kusugua. Na mjukuu mdogo asikae mapajani pake upande wa jicho lile. Mtoto wa mwaka mmoja anapenda sana vitu vinavyong'aa, na kucha zake hazina habari. Nyanya asiingie jikoni kwenye moshi wiki mbili hizi. Najua atakataa, atasema mboga inaungua. Mtafutie kiti nje, mpe kazi ya kutoa amri. Asibebe mtungi, asiiname shambani, asioge ziwani, na uso wake upanguswe kwa kitambaa safi kilichokamuliwa. Ugoro pia tuuweke kando. Chafya ya ugoro hulitikisa jicho zima, na vidole vyenye ugoro ndivyo vinavyopangusa machozi.

Mwasho kidogo, machozi kidogo, hisia ya mchanga, hayo ni kawaida na hupungua kila siku. Kinachotakiwa kukuamsha ni kinyume chake: maumivu yanayozidi, wekundu unaozidi, usaha, au kuona kunakopungua baada ya kuwa kumeanza kuwa kuzuri. Ukiona mojawapo, usingoje tarehe iliyo kwenye kadi, wala usingoje Jumatatu. Rudi siku hiyo hiyo, hata kwa boda boda, ukiwa umelifunika jicho kwa ngao bila kulibana.

Kabla sijaondoka, kuna mama aliyetuma ujumbe kuuliza juu ya mtoto wake wa miezi miwili ambaye katikati ya jicho kuna weupe. Mama, mtoto mchanga naye huweza kuzaliwa na mtoto wa jicho, wakati mwingine kwa sababu mama alipata rubela akiwa mjamzito, ndiyo maana tangu 2016 chanjo ya surua hapa Kenya inatolewa pamoja na ya rubela. Weupe huo pia unaweza kuwa uvimbe wa saratani ndani ya jicho. Vyovyote iwavyo, yeye hangoji kabisa. Ubongo wa mtoto hujifunza kuona katika miezi ya mwanzo, na ukikosa picha katika wakati huo, hata jicho likisafishwa baadaye halioni vizuri. Nenda wiki hii kwenye kitengo cha macho cha hospitali ya rufaa ya Migori au Homa Bay. Wanaweza kukuandikia barua ya kwenda kwenye hospitali inayopasua watoto, kama ile ya macho ya Sabatia huko Vihiga, au Kikuyu. Mtoto hupewa dawa ya usingizi kamili, na kwa kuwa jicho lake ni laini, jeraha hushonwa. Beba kitabu chake cha kliniki na barua hiyo, na usimpake chochote njiani, hata maziwa ya mama.